Barua kwa Walionuna

Kitufe cha kujiondoa tulikuwa nacho, asije mtu akasema hatukuwa nacho. Kilikaa chini kabisa ya barua pepe, baada ya picha za chupa na anwani ya duka, kwa herufi za kijivu ambazo hata mwenye macho mazima angezisoma kwa kukunja uso. Ukikibofya, unaulizwa kama una uhakika. Ukisema ndiyo, unaulizwa sababu. Ukitoa sababu, unaambiwa ombi lako litashughulikiwa. Mshughulikiaji nilikuwa mimi.

Tuliuza vinywaji: bia, mvinyo, pombe kali, vyote vya kupelekewa mtu hadi mlangoni kwake. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia wateja barua, na kila asubuhi kabla ya chai kuwatoa kwenye orodha wale waliochoka nasi. Niliwatoa kweli, mmoja mmoja. Lakini katika ofisi ile mtu akitolewa hakuachwa aende zake. Jina lake lilihamia kwenye orodha nyingine ambayo bosi aliibatiza Walionuna, na mara moja kila mwaka tuliwaandikia kuwabembeleza.

"Hawa hawajatuacha," bosi alipenda kusema. "Wamenuna tu. Watarudi."

Tulimwita Bwana Asilimia, yeye mwenyewe akiwa hayupo. Kwake hapakuwa na mtu aliyekasirika wala aliyeomba kitu. Palikuwa na asilimia iliyopanda na asilimia iliyoshuka.

Barua ya mwisho kwa Walionuna niliiandika mimi, na nikiri kwamba nilipoimaliza nilijipenda. "Tumekukosa. Hatuna maneno mengi. Kinywaji chako kiko pale pale ulipokiacha, hatujampa mtu." Mfumo ulijaza jina la mteja juu, na katikati ukaweka jina la kinywaji alichonunua mara ya mwisho. Bosi akasema iwe kama barua ya rafiki, na rafiki haweki kitufe cha kujiondoa. Nikakipaka kile kitufe rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Kipo, ila hakionekani. Sikubisha hata kidogo.

Barua ikaondoka Jumanne saa mbili asubuhi. Saa nne wifi yangu akanipigia simu.

"Wifi, kaka yako mmemfanya nini?"

"Kwani ana nini?"

"Tangu asubuhi kashika simu. Anasoma, anaweka chini, anachukua tena anasoma. Nimechungulia, nimeona jina la duka lenu. Si ulisema umemtoa?"

"Nilimtoa."

"Basi kama ulimtoa, hiki ni nini? Miezi saba, wifi! Miezi saba nimelala usingizi kama watu wengine!"

Akakata simu.

Kaka yangu ni fundi makochi. Wiki ile alipoacha pombe alikuja kwangu mikono ikimtetemeka, akanikabidhi simu yake. "Mdogo wangu, hawa watu wako waambie waniache." Nilibofya kitufe mbele yake, na asubuhi yake ofisini nililishughulikia ombi lake kwa mkono wangu. Nikamwambia, "Kaka, nimekutoa mwenyewe. Hutawasikia tena." Alinishukuru kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nami nikasahau kwamba nilipomtoa mlango wa mbele nilimwingiza wa nyuma. Ningesema nilipitiwa, lakini huo ni uongo. Nilikuwa nawaandikia mamia ya watu bila kusoma jina hata moja, na hilo ndilo linalonipandisha mori mpaka leo.

Nikafungua mfumo. Ulikuwa unaonyesha nani amefungua barua, na mara ngapi. Nikamtafuta kaka. Alikuwa ameifungua mara tisa. Hajanunua. Nikiwa bado naangalia, tisa ikawa kumi.

Nikatazama saa, maana nilijua kinachofuata. Ikifika saa sita kamili, kila aliyefungua barua zaidi ya mara tano bila kununua angetumiwa ya pili, yenyewe, bila mtu kugusa chochote. Hiyo ilisema: leo tu, tunakuletea bure, bofya mara moja. Na kweli ilikuwa mara moja. Anwani ya nyumbani kwao tulikuwa nayo.

Nilimkuta Bwana Asilimia ameegemea kiti, anatazama michoro yake.

"Bosi, naomba tuisimamishe barua ya saa sita."

"Kwa nini? Umeona inavyofunguliwa? Hatujawahi kupata kitu kama hiki."

"Kaka yangu yumo. Ameacha pombe. Aliomba kutolewa, na mimi ndiye niliyemtoa."

"Amefungua mara ngapi?"

"Kumi."

Akacheka. Wallahi alicheka. "Mara kumi! Halafu unaniambia ameacha? Huyo roho yake iko kwetu, mama. Anasubiri kusukumwa kidogo."

"Bosi, huyo ni mgonjwa!"

"Basi mtoe kaka yako, yaishe. Kakutuma nani uje na kesi ya watu wengine?"

Kusema kweli, hapo nilipumua. Nilirudi mezani kwangu nikiwa tayari kumtoa kaka peke yake na kunyamaza. Ningefanya hivyo, sijisifu. Lakini ili kumfikia ilibidi nipite kwenye orodha nzima ya Walionuna, na kando ya kila jina kulikuwa na sababu aliyoitoa siku alipoomba kuondolewa. Zile sababu tulizowalazimisha kuandika. Sikuwa nimewahi kuzisoma, maana hakuna aliyenituma kuzisoma.

"Daktari amenikataza." "Mume wangu alifariki, hii anwani ni yake, tafadhali." "Nimeacha, naomba mnisaidie." "Nimeshasema mara tatu." "NIMESHASEMA MARA NNE." Mmoja aliandika, "Mwanangu anatumia simu hii." Mmoja aliandika matusi tu, na ninayakubali yote. Walikuwa mia sita na kumi na wanne. Kila mmoja alibisha hodi kwa adabu akiomba aachwe, nasi tukamwandika pembeni kwamba amenuna.

Nilimkasirikia yule bwana na michoro yake, lakini zaidi nilijikasirikia mimi na kalamu yangu tamu.

Mfumo wetu ulikuwa na orodha nyingine ambayo hatukuwahi kuitumia. Iliitwa Wasioandikiwa. Anwani ikiingia humo, barua haiwezi kumfikia mtu huyo tena, hata ukipakia jina lake upya mara mia, na hakuna wa kuitoa, awe bosi au mungu wa kompyuta. Ndiko walikopaswa kwenda tangu siku ya kwanza. Bwana Asilimia alikuwa ametukataza kuigusa. Aliiita makaburini.

Saa tano na robo niliwachagua wote, nikawahamishia Wasioandikiwa. Mfumo ukaniuliza kama nina uhakika. Nikabofya ndiyo.

Michoro yake lazima ilidondoka papo hapo, maana alitoka ofisini mbio, tai imemwendea begani.

"Umefanya nini? Umefanya nini wewe? Watu mia sita!"

"Mia sita na kumi na wanne. Waliomba."

"Warudishe!"

"Hawarudishiki. Na ulijua toka siku nyingi kwamba waliomba, usinikodolee macho."

"Beba mkoba wako utoke!"

"Nimeshaubeba," nikamwambia, na nilikuwa nimeubeba kweli.

Karakana ya kaka haikuwa mbali. Nilikwenda kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia. Nilimpigia njiani, simu ikaita bila kupokelewa, nikapiga tena. Nilipoingia mlangoni ilikuwa bado inaita. Nikausikia mlio wake, hafifu, kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Kaka alikuwa amekaa sakafuni katikati ya sponji na vitambaa, sindano ndefu ya kochi mkononi, hana simu. Mlio ulitoka ndani ya kiti kilichokuwa mbele yake.

"Kaka, simu iko wapi?"

"Humo." Akapiga ile foronya ya kiti kwa kiganja. "Nimeishona."

Nilitazama mshono. Ulikuwa mbichi, wa nyuzi mbili, mnene kuliko unaohitajika kwenye kiti chochote.

"Umeagiza?"

"Sijaagiza."

Nikakaa chini palepale kwenye vumbi la pamba. "Umeifungua mara kumi, kaka."

"Kumi na moja." Hakuuliza nimejuaje. "Nilikuwa natafuta pa kujitoa. Nimeipitia juu mpaka chini, nikasema labda sioni, nimekuwa mzee. Nikavaa miwani. Hamna. Nikairudia tena, mstari kwa mstari, maana nilijua lazima kipo mahali. Ile ya saba au ya nane ndipo nikagundua sitafuti tena kitu. Nasoma tu. Naisoma kama barua. Mate yananitoka." Alifuta mdomo kwa mkono kana kwamba bado yapo. "Nikaona nichukue sindano kabla ya kitu kingine."

Alikuwa anatetemeka kama siku ile aliyokuja kwangu mara ya kwanza. Miezi saba ya kujikaza, na sisi tumemrudisha kwenye wiki ya kwanza kwa mistari minne.

"Hawatakuandikia tena," nikasema. "Safari hii ni kweli. Nimefukuzwa kwa ajili hiyo."

Aliniangalia kwa huruma. Ndiyo, yeye ndiye aliyenionea huruma mimi, na hapo ningeweza kuipokea huruma ile nikanyamaza.

"Pole, mdogo wangu. Lakini yule aliyeandika, simsamehe. Yule ananijua mpaka ndani. Ni mtu gani yule?"

Simu ilikuwa imeacha kuita. Nilijaribu kumtazama usoni nikashindwa, nikatazama uzi.

"Ni mimi, kaka."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alichomeka sindano kwenye sponji polepole, akaweka mikono yote miwili juu ya kile kiti, akakikandamiza kama kuna kitu kinachotaka kutoka.

"Unaandika vizuri," akasema.