Insha ya Kutoweka Kwetu

Binti yangu Leni alisoma shuleni riwaya inayosema kwamba sisi, wenyeji wa asili wa kisiwa cha Tasmania, Australia, tuliuawa tukaisha wote. Kazi ya Kiingereza ilikuwa kueleza jinsi mwandishi anavyoonyesha kutoweka kwetu. Leni akaandika kuwa mwandishi amekosea, maana kila mwaka ukoo wetu huvuka bahari kwenda kisiwa kidogo jirani kutoa makinda ya ndege wa baharini mashimoni, kama mababu. Mwalimu akamfelisha.

Nikaenda kumwona.

"Mama Leni, uhakiki hutegemea kitabu, si habari za nyumbani," akasema kwa upole. "Arudie tu."

"Mwalimu, sasa hivi unaongea na nani? Mzimu?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

"Sikatai kwamba mpo, mama. Lakini swali ndilo hilo."

Garini nilimwambia Leni asirudie ng'o.

"Mama, bila alama hizo siingii chuo. Au utanifundisha wewe?"

Nikawasha gari. Jioni akakaa kuandika upya jinsi tulivyotoweka, mpaka bibi yake akamfokea: "Wewe, toa makaratasi yako mezani, watu tunataka kula!"