Kadi za Marehemu

Nimefanya kazi masjala ya hospitali miaka thelathini na mmoja na sijapoteza faili hata moja. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani mimi ni mama asiyejua karatasi. Madaktari walikuja wakaondoka, wengine wana majivuno ya kujaza wodi, lakini mgonjwa akifika dirishani nilimtolea faili lake kabla hajamaliza kutaja jina la baba yake. A kwanza, kisha B, kisha C. Ndivyo nilivyofundishwa kazi, na sikuona sababu ya kubadilika.

Nilipostaafu nilihamia kwa kaka yangu. Mimi mjane, yeye mgane, watoto hatukujaliwa, nyumba yake ina vyumba vitatu. Tungeishi mbalimbali kwa ajili ya nini? Alikuwa mwalimu wa Kilatini. Ndiyo, Kilatini. Usicheke, nilishacheka kwa niaba ya wote. Wanafunzi walimbandika jina la Marehemu, kwa kuwa alifundisha lugha iliyokufa na alivaa koti jeusi mwaka mzima. Alijua. Akiwakuta wanapiga kelele alisimama mlangoni na kusema kwa sauti ya chini, "Marehemu amefika, simameni," nao walisimama. Mwishoni darasa lilibaki na wanafunzi wanne, halafu wawili, halafu mkuu wa shule akamwita ofisini, akampa mkono na cheti chenye fremu. Kaka alikitundika cheti kile kimegeukia ukuta.

Kilichobaki ni kitabu. Kulikuwa na utenzi mmoja wa Kirumi, mistari elfu tisa na ushei, na yeye alikuwa anauandikia ufafanuzi kwa Kiswahili, ili mtu wetu aweze kuusoma moja kwa moja bila kupitia lugha ya watu wengine. Aliianza kazi hiyo kabla mimi sijaolewa. Kila neno lenye mushkeli lilikuwa na kadi yake: juu neno lenyewe kwa herufi kubwa, chini maelezo kwa mwandiko mdogo kama wa mchwa. Kadi elfu kumi na moja, kwenye maboksi ya viatu, chumba kizima kimejaa hadi dirishani. Nilimwambia mara nyingi, "Kaka, ukifa hapa watakukuta chini ya maboksi." Alijibu, "Basi watakuwa wamepata pa kuanzia kusoma."

Alikuwa amekwisha kuhesabu. Kuzinakili zote kwa mpangilio wa kitabu kungemchukua miezi kumi na minne. Wachapaji walikuwa tayari kukipokea. Tatizo lilikuwa macho. Presha ya macho ilishamla jicho la kushoto, na la kulia daktari alisema litafanyiwa upasuaji, likipona vizuri litampa mwaka mmoja, pengine na nusu. Kaka alisikia "na nusu" tu. Alirudi nyumbani siku hiyo anapiga mluzi.

Alilazwa siku tisa. Asubuhi nilikuwa nampelekea uji na nguo safi, mchana nakaa peke yangu nyumbani na maboksi yale yananitazama. Siku ya pili nikafungua moja. Jamani, nilishtuka. Kadi ya S, inafuata ya A, inafuata ya M, halafu A tena. Katikati amechomeka vipande vya karatasi ngumu ya manjano vyenye namba, vimechakaa, vingine vimeng'atwa na panya. Nikasema, hivi ndivyo mtu anayepoteza macho anavyotafuta vitu? Roho iliniuma. Nilijiambia, huyu alinifundisha kusoma nikiwa na miaka mitano, nimkute hivi nimwache hivi?

Kilatini sikijui, lakini herufi ni zile zile. Nilitandika shuka sakafuni, nikavua viatu, nikaingia kazini. Siku saba. Magoti yalivimba, mgongo ukawa si wangu. Nilipanga kwa herufi ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne, nikatengeneza vigawanyo vipya kwa katoni safi, A mpaka Z kwa wino mwekundu. Vile vya manjano nilivitia kwenye gunia, gari la taka likapita Jumanne. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Tangu nistaafu sikuwahi kujiona mtu wa maana kiasi kile.

Alirudi na bandeji, nikamshika mkono moja kwa moja mpaka chumbani. "Weka mkono hapo, Kaka." Akauingiza kwenye boksi la kwanza. Vidole vyake vilipita juu ya kadi, vikarudi, vikapita tena. Akahamia boksi la pili, kisha la tisa.

"Vya manjano viko wapi?"

"Nimevitupa. Vilikuwa uchafu mtupu. Sasa ukitaka neno unalipata papo hapo, kama kwangu masjala."

Aliutoa mkono kwenye boksi. Kisha akauliza, "Umepanga mpaka herufi ya ngapi?"

"Ya nne."

"Ya nne," akasema. "Kazi nzuri, Bibi Masjala. Kazi safi kabisa." Akaomba maji ya kunywa.

Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Bandeji ilitolewa, jicho likaona, naye akawa anaingia chumbani kila asubuhi, anafunga mlango. Nilifikiri anaandika. Jumamosi akaja mwalimu wa hesabu, mwenzake wa zamani, ambaye huja kucheza naye drafti. Kaka alikuwa anaoga, nikampeleka mgeni kuona kazi yangu. Yule mzee alivuta kadi tatu, nne, akazirudisha polepole. Akaniuliza kwa upole ambao sikuupenda, "Dada, nani amefanya hivi?"

Ndipo akanieleza, tumesimama pale pale. Namba za vile vya manjano zilikuwa namba za mistari. Kadi zilifuata utenzi, mstari kwa mstari, na kadi yenyewe haikuandikwa popote kwamba ni ya mstari upi. Neno "moto" lina kadi mia na kumi, kila moja ya mahali pake, kila moja na maana yake kidogo tofauti, na mimi nimezifunga pamoja kwa mpira kama fungu la mchicha.

Mgeni aliondoka bila drafti. Mimi nilimngoja kaka atoke bafuni, na alipotoka nilimvamia taulo lake lingali begani. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe nilimtupia yeye.

"Kwa nini hukuandika namba kwenye kadi? Mtu msomi mzima."

"Kwa sababu nilikuwa nazihamisha. Nikibadili mawazo, kadi inahama."

"Na kwa nini hukunitukana? Umeniacha wiki nzima najisifu mpaka kwa muuza mkaa."

Alijifuta masikio taratibu. "Ningekutukana, zingejipanga?" Halafu akasema, "Ulikuwa umefurahi sana, mdogo wangu. Sijakuona hivyo tangu umzike mumeo."

Nililia pale kwenye korido kama mtoto. Yeye akanishika bega, akasema tusikate tamaa, utenzi anao kichwani wote. Ili jicho lisichoke, nimsomee kadi, yeye ataniambia mstari, mimi niandike kwenye daftari. Tukaanza kesho yake, baada ya chai. Nilipiga mistari ya daftari mwenyewe: neno, maelezo, namba. Nilimsomea kwa matamshi yangu mabovu, akanirekebisha, akafumba macho, midomo ikacheza, kisha akataja namba. Siku nzuri tulifikisha kadi arobaini. Hesabu naijua, sikuhitaji rafiki yake anifanyie: jicho lisingetungoja. Mwezi wa nne jicho likaanza kuona ukungu, na mwezi wa sita likazima. Tuliendelea. Wachapaji waliandika barua mara mbili, ya tatu haikuja.

Asubuhi moja nilifanya kosa ambalo sikulifanya miaka thelathini na mmoja. Nilirudisha kadi iliyokwisha kusomwa kwenye boksi la ambazo bado, na wiki iliyofuata nikaisoma tena. Alifumba macho, midomo ikacheza. "Elfu mbili na sitini na moja." Nilipofungua daftari niandike, nikaikuta kadi ile ile, maelezo yale yale, nimeiandika mia nne na tisa.

Nikadhani nimekosea mimi. Nikatoa kadi kumi za zamani, nikamsomea moja moja kama mpya. Zote kumi alizijibu, kwa sauti ile ile ya mtu asiyeyumba, sauti ya kusimamisha darasa. Hakuna hata moja iliyolingana na daftari. Nikarudi nyuma mwezi, nikarudi miwili. Sijui alianza lini. Pengine siku ya kwanza.

Hasira zilinipanda. Miezi yote hii, koo limenikauka kwa Kilatini, mtu ananitajia namba za kubuni. Nilitaka kupiga meza. Nikamtazama. Amekaa wima kwenye kiti, ameninyooshea sikio, mikono ameiweka juu ya magoti.

"Mbona kimya?" akauliza. "Umechoka?"

"Hapana."

"Zimebaki nyingi?"

Zilikuwa zimebaki zaidi ya elfu saba. "Chache," nikamwambia.

"Basi jikaze. Ukimaliza hizo utakuwa umerudisha kila kitu mahali pake. Hutakuwa na deni na mtu."

Nikaelewa anachofanya, na kwa ajili ya nani. Kitabu chake alishakizika siku ile ile aliyotia mkono kwenye boksi, akaniambia kazi safi. Nikapangusa macho kwa kanga nisisikike.

"Haya, nirudie ile ya mwisho," nikasema. "Mstari wa ngapi?"

Akafikiri. "Elfu tatu na kumi na nane."

"Una hakika, Kaka?"

"Hakika kabisa. Andika."

Nikaandika elfu tatu na kumi na nane, nikachukua kadi nyingine, nikamsomea.