Nani Atashika Usukani

Mimi si mtu wa makelele. Majirani watasema vingine, lakini majirani wangu wana masikio marefu na kazi chache. Wiki ile nilipiga kelele, nakubali, na sababu ilikuwa mume wangu, pikapu yake kuukuu, na boti.

Boti yenyewe ni ya faiba, imekaa juu ya tela uani kwetu tangu mwaka jana. Mzee aliipandisha kutoka ziwani azibe ufa wa chini. Ufa aliuziba, ila kabla hajairudisha majini, kiharusi kikamshika. Mguu wa kulia ukalegea, mkono wa kulia ukawa wa kubembelezwa, na maneno yakawa yanamtoka moja moja kama mtu anayechambua mchele. Daktari alimwambia mbele yangu: hakuna kuendesha gari tena. Mzee akaitikia kwa kichwa, nami nikadhani yamekwisha.

Sasa binti yetu, anayeishi na mumewe huko ziwani, akapiga simu. Boti yao ya kuvushia abiria imeoza, wanaomba ile ya baba. Kutoka kwetu hadi ziwani ni mteremko mtupu, barabara inashuka, inakata kona, inashuka tena. Mzee alishika simu kwa mkono mzima, akasema, "Jumamosi. Inakuja." Akakata. Kesho yake asubuhi nikakuta miguu ya Fundi Kesho imechomoza chini ya pikapu.

Huyu fundi anaitwa Kesho kwa sababu ukimuuliza gari litakuwa tayari lini, jibu lake unalijua. Safari hii alikuja mwenyewe, mapema, bila kufuatwa mara mbili. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

"Shikamoo, mama," miguu ikasema.

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Mzee. Anataka pikapu ivute boti."

"Hilo kopo?"

Akajitoa chini, uso umejaa grisi. "Ni la zamani, mama, lakini chasisi nzima, haijaoza. Kuvuta litavuta tu. Shida ni kusimama. Ile boti nyuma inakusukuma, na kule mteremkoni haikuulizi kama uko tayari. Kwa hiyo tunaanza na breki, zote, mpaka mipira yake."

"Na atakayezikanyaga hizo breki ni nani?"

Fundi Kesho akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

Nikamgeukia mzee, kajikalia kwenye kigoda chake na fimbo katikati ya magoti. "Wewe! Unataka kufa? Na ukifa, unataka kufa na watu wa watu huko kona ya tatu?"

Akacheka, kwa nusu ya mdomo inayocheka. "Mama watoto. Njoo… uone."

"Sitaki kuona!" Nikaingia jikoni nikazipigisha sufuria mpaka mkono ukauma.

Siku hiyohiyo nilificha ufunguo wa pikapu ndani ya debe la unga. Nilijua atautafuta, na nilikuwa nimeshajiandalia maneno ya kumwambia, makali, yanayouma. Hakuutafuta. Fundi alipotaka kuwasha gari alikuja kuniomba mimi, nikampa, nikasimama pale mikono kiunoni mpaka akazima, nikaurudisha kwenye unga. Mzee ananitazama tu. Jamani, mtu aliyepania kuendesha gari asiulizie ufunguo? Akili ikaanza kunizunguka.

Ikaja siku ya kutoa hewa kwenye breki. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja anakanyaga pedali, mwingine anafungua vinati vya kutolea hewa kwenye magurudumu. Mzee akaniita. Nikakataa. Akaniita tena, kwa sauti ile ya kutafuta maneno ambayo siwezi kuisikia nikakaa, basi nikaenda. Nikakaa ukingoni mwa kiti, maana kile kiti kilikuwa kimegandia nyuma kwa kutu tangu enzi, kwa ajili ya miguu yake mirefu, na mimi Mungu alinipimia kwa kibaba.

"Kanyaga, mama. Shikilia. Achia."

Nikakanyaga, nikashikilia, nikaachia. Kisha mzee akauliza, "Nzito?"

"Nini nzito?"

"Breki. Mguuni."

"Kama kukanyaga jiwe!"

Akamwambia fundi, "Iwe nyepesi." Fundi akafungua boneti, akasema kile kifaa cha kusaidia mguu kimechoka, akakibadilisha. Nikaitwa tena. Sasa? Afadhali. Na klachi? Ngumu. Wakahangaika na klachi. Mimi nakanyaga huku najiuliza, wananipimia nini hawa? Halafu nikaona nimeelewa: wanatafuta mguu dhaifu wa kujaribia, na ndani ya nyumba hii baada ya mguu wake unaofuata kwa udhaifu ni wangu. Kwa hiyo anajitengenezea gari la mgonjwa! Nikashuka nikabamiza mlango, kioo kikalia.

Yaliyofuata yalizidi kunichanganya. Fundi Kesho akalala na nyundo na mafuta kwenye reli ya kile kiti siku nzima, kiti kikanguruma, kikasogea mbele. Nikasema moyoni, ndiyo, mguu haufiki tena. Vioo vya pembeni vikaongezwa mikono mirefu ili vione tela hadi nyuma, kisha vikainamishwa chini. Nikasema, ndiyo, siku hizi anakaa amepinda. Mto wangu wa sebuleni ukapotea, nikaukuta kwenye pikapu. Hapo nilinyamaza kabisa, na mimi kunyamaza ni habari.

Nje wanafanya kazi, tena kazi ya maana, hilo siwezi kuwanyima. Springi za nyuma zimeongezewa bati moja, rejeta imesafishwa, tairi mpya mbili nyuma. Kile kichwa cha chuma kinachoshika tela, mviringo kama chungwa, hakikufungwa kwenye bampa bali kwenye chasisi, kwa nati ambazo fundi alizikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Minyororo miwili ikapishanishwa chini yake, ili tela likichomoka lining'inie, lisitoroke. Mzee akanyoosha fimbo kwenye boti: nanga na tangi la mafuta visogezwe mbele. Nikasema mbele si mnalikandamiza gari bure? Fundi akasema uzito ukikaa nyuma, tela linacheza mkia barabarani na kuivuta pikapu huku na huku. Mzee akanitazama. "Umesikia?" Nikamjibu mimi si kiziwi.

Nikampigia binti. "Baba yako anataka kujiua kwa breki mpya."

"Mama, tulia. Nilimuuliza nani anaendesha."

"Akasemaje?"

"Akasema, dereva."

"Dereva gani?"

"Hakusema. Alicheka tu."

Dereva! Nikamfuata fundi. Wewe ndiye dereva? Akasema yeye leseni hana, hajawahi kuwa nayo, na nisimtangaze. Basi dereva ni nani? Nikampitisha kichwani kila mwanamume wa mtaa huu, sikumpata hata mmoja ambaye mzee angemwachia pikapu yake, yeye ambaye hata kuoshewa alikuwa hataki. Usingizi ulinipaa. Nililala nimemshika mkono, ule uliolegea, na nilikuwa na hasira naye hata hivyo.

Jumamosi asubuhi boti ilikuwa imeshafungwa kwenye pikapu, mikanda imekazwa, taa za nyuma zinawaka, indiketa zinakonyeza, kwa ufunguo niliompa fundi azijaribu. Nikasimama getini, mikono nimeipanua.

"Mtanipitia juu!"

Mzee akainuka. Fimbo, mguu, fimbo, mguu, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva. Nikapiga yowe. Akaufungua ule mlango, akasimama pembeni, akaushikilia wazi.

"Kaa," akasema.

"Ukae wewe, uende wapi?"

"Kaa. Wewe."

Nilimtazama fundi, fundi akatazama chini. Nikaenda, kwa kweli sijui miguu ilinipelekaje, nikapanda, nikakaa juu ya mto wangu. Miguu ikafika. Yote miwili, klachi na breki, bila kujinyoosha. Nikainua macho kwenye kioo cha pembeni na nikaliona tela lote, tairi mpaka taa, bila kunyanyua kidevu.

"Ulikuwa unaendesha… gari la mikate," mzee akasema. Ni kweli, ndivyo tulivyokutana, naendesha gari la mikate na yeye ananunua mikate asiyoihitaji.

"Lile lilikuwa na mikate, si boti!"

"Ndiyo maana… breki."

Sasa niseme ukweli, maana sijauelewa hadi leo. Wiki nzima nimegombana na mtu huyu asishike usukani. Nimeshinda. Ameniachia mwenyewe, kwa mkono wake. Mbona nilianza kulia kama nimepigwa? Nilikuwa nimezoea kumzuia. Kumbe kumzuia ndiko kulikonifanya nimwone bado ni dereva. Nikauchomoa ufunguo pale usukanini nikamsukumia kifuani, mimi, mke wake, niliyeuficha.

"Sitaki. Endesha wewe! Si breki nyepesi? Endesha!"

Hakuupokea. Aliinama, akaushika mguu wake wa kulia kwa mkono mzima, akaunyanyua kidogo, akauachia. Ukaanguka pwaa.

"Huu… haujui tena," akasema. "Nimeujaribu. Ulipokuwa sokoni. Nimelia… nimemaliza."

Kisha akaufunga mlango wangu taratibu na akaanza kuizunguka pikapu kwa mbele, mkono mmoja juu ya boneti. Nilimwona kwenye kioo cha mbele akipita, kichwa chake, fimbo, kichwa chake. Akafika upande wa abiria. Akashika kitasa, akavuta. Mlango haukufunguka. Akavuta tena. Fundi Kesho akapiga hatua kwenda kumsaidia.

"Mwache," nikasema.

Mlango ule una ukorofi wake, ukiuvuta tu haukubali. Miaka yote ya ndoa yetu niliufungua mimi, sikuwahi kuusemea, na yeye hakuwahi kupanda upande ule. Nikashusha kioo.

"Uinue kwanza kidogo, baba," nikamwambia. "Ndipo uvute."

Akauinua, akavuta, ukafunguka. Akapanda kwa shida, akauweka mguu ndani kwa mkono, akakaa akitazama mbele. Nikawasha gari. Akageuka huku na huku, akapapasa begani, akapapasa kiunoni.

"Mkanda wa huku," akaniuliza, "uko wapi?"