Hedifoni ya Mtu Mmoja

Bunduki nilizisikia kabla sijaliona duka. Zililia piu-piu-piu mfululizo, na nyuma yake kinanda chembamba kikikimbia kana kwamba kinafukuzwa. Nilikuwa nimetoka kushusha magunia ghalani, shingo imejaa vumbi la kahawa, nikaufuata mlio ule hadi nyuma ya stendi ya Mbinga. Pale palipokuwa stoo ya pembejeo ya ushirika, alipokuwa baba akichukua dawa ya mibuni kila msimu, sasa palikuwa na televisheni tatu na mabenchi, na vijana wanabonyeza vidude kwa vidole gumba. Ushirika ulikuwa umekufa. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, na nyuma yao wakaja hawa wa gemu.

Mwenye duka alikuwa Mansuetus, mtu wa Ngumbo kule ziwani, niliyesoma naye darasa moja. Alikwenda Dar es Salaam tulipomaliza la saba, akarudi na miwani ya jua.

"Karibu, malenga wa milimani," akasema. "Bado unafukua mashimo ya ngoro huko shambani?"

"Bado unanuka dagaa wenu, usipa?" nikamjibu.

Akacheka, akanisogezea kiti. Alikuwa na haja na mimi. Msimu ule jina langu, Bernadi, lilikuwa linatajwa hata na watu nisiowajua. Nilikuwa nimetunga shairi juu ya mizani ya mnunuzi mmoja, nikalisoma gulioni siku ya Jumamosi, na wiki iliyofuata wakulima wakagoma kupima mpaka mizani ijaribiwe kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza nikipalilia, nahesabu silabi kwa vidole vyenye udongo, na sikuona aibu kusema kwamba katika wilaya nzima hakuna aliyenizidi.

Mansuetus alifungua boksi, akatoa kitu cheusi kilichokunjwa kama panzi aliyekufa. Akakikunjua, kikawa hedifoni. Alinieleza kwamba inachomekwa kwenye mashine ya gemu, inachomekwa kwenye wokmeni, inachomekwa popote penye tundu, na ukimaliza unaikunja unaitia mfukoni. Alikuwa nazo boksi zima na msimu wa kahawa ulikuwa unakwisha. Alitaka nizitungie shairi la sifa, nilisome Jumamosi ya wiki iliyofuata gulioni kwa kipaza sauti chake.

Nikaivaa. Nilicheza gemu moja ya ndege za vita, na ninakiri nilistuka, maana ndege ilianza kunguruma sikio la kushoto, ikanipita kichwani, ikatokea kulia. Kisha akachomeka wokmeni yenye kanda ya kwaya. Kwaya zote nilizowahi kusikia redioni zilikuwa zinatoka kama uji, kila kitu kimechanganyika. Hapa sauti ya kwanza ilikuwa na mahali pake, na ya nne ilikuwa na mahali pake, na mtu mmoja alikuwa anavuta pumzi kabla ya kuitikia. Nikaongeza sauti mpaka masikio yakauma. Ndipo nikamkumbuka Vitalia.

Vitalia ni mdogo wangu. Surua ilimwacha na usaha masikioni, na usaha ulipokauka ukaondoka na usikivu. Si kiziwi kabisa. Ukimpigia kelele karibu na sikio anakupata. Lakini nyumbani walikwisha mzoea kama mtu mzito wa akili, na kwenye kwaya ya parokia walimwondoa kwa sababu alikuwa anachelewa mstari, wenzake wamenyamaza yeye bado anaimba.

Nikamwambia Mansuetus sitaki malipo mengine, nataka moja ya hizi na wokmeni ile kuukuu. Akakubali papo hapo. Nikamwambia pia kwamba sisifu nisichokijaribu, nitakwenda nayo nyumbani kwanza. Hilo hakulipenda, lakini akaniachia.

Nilipanda lori la kahawa hadi upande wa Tingi, kwetu. Jumapili baada ya misa tulikuwa sengu. Watu wa nje wanadhani sengu ni kula tu. Kwetu ukoo mzima hukaa pamoja, kila nyumba inaleta chungu chake, na hakuna anayemaliza chake peke yake. Kinacholetwa kinazunguka. Ukileta asali inazunguka, ukileta kipande cha nyama kilicho kama kidole, kinazunguka pia. Sikuwaza hata kidogo. Nilitoa hedifoni, nikampa baba, Mzee Ignatio, kwa mikono miwili.

Baba alisikiliza amefumba macho, akasema wanaimba vizuri ila wana haraka. Akampa baba mdogo. Baba mdogo ana kichwa kikubwa, akaivuta upande upande, nikasikia bawaba inalia, tik. Kutoka hapo ikapita kwa kila mtu. Mmoja alitaka kujua hao waimbaji wanakula nini humo ndani, watu wakacheka. Mwingine aliivaa kidevuni. Kila mmoja alipewa ubeti wake, na hakuna aliyeng'ang'ania, ndivyo tulivyolelewa.

Ilipomfikia Vitalia ilikuwa imelegea upande mmoja. Nikamshikia kwa viganja vyangu, nikafungulia sauti mpaka mwisho.

Hakutabasamu. Alifungua mdomo kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Kisha akaanza kuimba. Aliimba sauti ya pili, ile ile waliyomfukuzia, na hakuchelewa hata neno. Watu wote waliacha kutafuna. Shemasi wetu, aliyemwondoa kwenye kwaya, alikuwa pale pale na tonge mkononi, akaliweka chini.

Wimbo ulipokwisha Vitalia hakuivua. Aliishika kwa mikono yote miwili. Lakini shangazi Kunigunda alikuwa hajapata, na zamu ilikuwa yake. Akanyoosha mkono kwa upole kabisa, kama anavyopokea kata ya togwa, akavuta. Bawaba ikakatika, waya ukatoka na nyuzi zake nyekundu. Shangazi akabaki na nusu, Vitalia na nusu.

Hakuna aliyelaumiwa. Shangazi alilia, tukambembeleza. Jioni nilimwambia Vitalia kwenye sikio kwamba Jumapili inayofuata nitamletea nzima, ya kwake.

Jumatatu nilimrudishia Mansuetus vipande. Alivigeuza mkononi, akaanza kucheka, na kile kicheko kilinichoma kuliko matusi.

"Nani alikuambia ukizungushe kama ugali?" akasema. "Hiki ni kitu cha mtu mmoja, Bernadi. Mmoja. Ndiyo maana kina masikio mawili tu."

Nikamwambia kitu kisichomaliza mlo mmoja si kitu. Akasema vitu vyote vinavyokuja siku hizi viko hivyo, ushirika hauko tena wa kumlinda mtu, anayenunua afumbue macho. Hakunidai chochote. Alitaka shairi tu. Nikisoma Jumamosi, nitachukua mpya na wokmeni. Ila habari ya bawaba nisiitaje.

Wiki nzima nilibeba magunia nikiwa na mashairi mawili kichwani. La sifa lilikuwa tayari, na lilikuwa zuri. Kila mstari wake ulikuwa wa kweli, kwa sababu sauti ya kitu kile ilikuwa kweli tamu. Lilinyamaza pale tu palipotakiwa kunyamaza. Nilijiambia sitakuwa nimedanganya. Nilijiambia ni kwa ajili ya Vitalia.

Jumamosi gulio lilijaa. Mansuetus alikuwa amefunga kipaza sauti kwenye mti wa umeme, na hedifoni zimepangwa juu ya turubai. Nilipopanda kwenye kreti la soda, mzee mmoja aliyevaa koti la mtumba alimwambia mwenzake, nikasikia: "Subiri huyu aseme. Huyu ndiye wa mizani." Mwenzake alikuwa na watoto wanne nyuma yake, na nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba kitu kile kikifika kwake kitazunguka.

Damu yangu ikapanda. Ndivyo nilivyo. Nikasoma hili:

*Tamu iko sikioni, wimbo wote wasikika,*
*Ngoma iko kushotoni, na kulia yaitika,*
*Bali bawaba shingoni, ukikunja yavunjika,*
*Mtu mmoja nyumbani, wa pili asije taka.*

Gulio lilipasuka kwa kicheko. Waliokuwa wameshika hedifoni wakazirudisha kwenye turubai, wengine wakazijaribu bawaba kwa kidole kwanza, na mbili zikakatika pale pale. Watu walinipiga mabegani. Mzee wa koti alinipa mkono, akaniita mwanangu. Sitasema uongo, nilijiona mrefu.

Mansuetus hakufoka. Alikunja turubai lake taratibu, akaniambia bila kuniangalia kwamba hedifoni yangu alikuwa ameichagua mwenyewe, ameifunga bawaba kwa waya wa shaba, isingekatika. Jioni ile ile alipakia boksi kwenye gari la kuteremka ziwani, na wokmeni ikiwa juu yake.

Jumapili nilifika nyumbani mikono mitupu. Vitalia alikuwa uani anachambua kahawa ya mwisho. Alikuwa ameshona kifuko kwa kipande cha kitenge, chenye kamba ya kuvalia shingoni, na alikuwa amekivaa. Aliniangalia mifukoni kabla ya kuniangalia usoni.

Nikachuchumaa, nikaweka mdomo sikioni mwake, nikamweleza yote. Ilibidi nirudie mistari yangu mara kadhaa, na mistari inayorudiwa kwa kelele inapoteza vina vyote. Nikamwambia watu wameokoka kwa sababu yangu. Nikamwambia mtu hawezi kuwa na neno linaloaminika Jumamosi hii na la kununuliwa Jumamosi ijayo.

Aliacha kuchambua. Anaongea kwa sauti kubwa isiyopanda wala kushuka, na majirani wote wanasikia.

"Hao watu wa gulioni," akasema, "masikio yao mazima?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wote?"

"Wote."

"Basi walikuwa na haja gani na wewe, kaka?"

Nilikuwa na majibu. Nina majibu siku zote. Nilitaka kumwambia habari ya heshima, na ya mzee wa koti, na ya hawa wanaotuuzia vitu vya kukatika. Bado naamini kila neno nililosoma. Lakini alikuwa amekwisha inama juu ya ungo, anatoa punje mbovu, na kifuko kinaning'inia kitupu juu ya kahawa. Shangazi Kunigunda alitokea mlangoni, akatuona, akarudi ndani.

Nikasema kitu kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema na nafsi yake. Vitalia aliona midomo yangu ikicheza.

"Sikusikia," akasema. "Rudia."

Nikasimama. Kwenye mlima wa pili watu walikuwa wanatoka kanisani, nikajua watasikia, na baba atasikia, na shemasi atasikia. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti yote niliyo nayo.

"Vitalia! Sisomi tena shairi mbele ya mtu yeyote mpaka nikuletee ya kwako, na siku hiyo wewe ndiye utakayenisikia wa kwanza!"