Matone ya Shingoni mwa Bosi

Bosi, kale kapaka ketu, kalikuwa kamelala kwenye mabaki ya vitambaa chini ya cherehani ya dada. Nikamfunua mdomo kumtania tu, nikaona fizi nyeupe. Nyeupe kama karatasi, ndugu yangu. Nikamwita, hakugeuka.

Nikamtia kapuni, mbio kwa daktari wa mifugo. Daktari, mama mmoja asiye na haraka na mtu, akapuliza manyoya, akasema viroboto wamemnyonya, na paka mdogo hivi hana damu ya kugawa. Akamdondoshea dawa shingoni nyuma, pale ulimi haufiki, akanipa kichupa kingine cha mwezi ujao. Nikamuuliza, kwa hiyo hawamng'ati tena? Akacheka. Akasema dawa si ukuta: kiroboto atampanda kwanza, pengine atamng'ata, ndipo afe. Na walioko nyumbani wataendelea kumrukia mpaka tusafishe. Nisimwoshe siku mbili, na nisimwongezee kabisa, maana kwa kadogo kama kale dawa ikizidi ni sumu.

Nikamrudisha nyumbani roho imetulia, nikatoka tena kununua sabuni ya kufulia vile vitambaa. Kurudi, namkuta bibi mlangoni kampakata Bosi ndani ya taulo, paka kalowa chapachapa.

"Mume wangu, nimekuoshea mwenzio," bibi akaniambia kwa utani wake kwa mjukuu, kafurahi. "Alikuwa na mafuta shingoni, sijui kayatoa wapi."

Sabuni ikanidondoka.

Dada akatoka na futi yake ya kupimia shingoni. Nikamweleza. Akasema sasa umesimama nini, kichupa si unacho, mtie. Nikakifungua. Halafu nikawaza: kama sabuni haikuitoa yote? Nikiongeza, nimemuua mwenyewe. Nisipoongeza, viroboto wanammaliza. Nikampigia daktari, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, vilevile. Bibi alishaelewa, taulo kalikumbatia.

"Dada, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Lakini ndiyo tusimame tu?"

Nikamkabidhi kile kichupa, nikamwambia akakifiche nisikione. Nikaomba kitana, beseni la maji ya sabuni na kipande cha kitambaa cheupe cha bitana. Bibi akamshika Bosi, mimi nikaanza kuchana. Vile vichembe vyeusi, nikivifuta kwenye bitana yenye maji, vinatanuka vyekundu. Damu yake hiyo, wamekunywa na kuinya. Na wenyewe walikuwa hai, wanaruka kama bisi kabla sijawafikisha kwenye beseni. Dada akazoa vitambaa vyote, hata vile vizuri vya wateja, akavimwagia maji ya moto bila kuchagua.

Daktari akapiga, kumbe mkono ulikuwa ndani ya ng'ombe anayezaa. Akauliza kama dawa ilikuwa imekauka kabla ya kuoshwa. Bibi akasema ilikuwa bado inang'aa. Daktari akasema nisiongeze hata tone, niendelee kuchana na niwaangalie viroboto wanaotoka. Wakizidi kuruka, nimpeleke kesho asubuhi. Wakilegea, basi kuna dawa iliyobaki mwilini. Bosi akianza kuhema haraka, nimpeleke saa hiyohiyo.

Nikachana. Wakaruka. Nikachana, wakaruka. Bosi alikuwa wa baridi mkononi, kila mara naweka sikio kifuani kwake. Bibi akauliza taratibu kama amemuua. Nikasema sijui, bibi.

Jua lilikuwa limeshuka dirishani pale kitana kilipotoa mmoja akabaki palepale kwenye meno, anapunga mguu mmoja kama mlevi. Nikamweka kwenye bitana. Hakuruka. Nikachana tena, wa pili akaanguka ubavu.

"Bibi, wanalegea."

"Usiseme kwa sauti," bibi akaninong'oneza.

Dada akaja akainama, maji yanamtiririka viwikoni, tukawatazama wale wawili kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Nikafunua mdomo wa Bosi. Fizi bado nyeupe. Bibi akamweka vizuri mapajani, nami nikaanza upya kutoka mkiani.