Koti la Jiwe

Habari hii nilipewa na wifi yake fundi, Jumapili iliyopita, tukiwa mkekani tunachambua mchele. Kila alipozidisha chumvi, fundi mwenyewe, aliyekaa kando akitunga uzi kwenye sindano, alimkata kauli. Kwa hiyo ninayoandika yamepita kwa watu wawili.

Fundi huyo ni mama mshonaji. Ana chumba kimoja cha cherehani na kingine cha kulala. Mumewe alitangulia zamani, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, mrefu, mcheshi, aliyesomea ufundi wa maji chuoni hadi akahitimu. Kijana yule angeweza kukupangia mabomba ya mji mzima, lakini shati lilimshinda. Kila siku kifungo kimoja kiliruka tundu lake, kola ya huku ikapanda, ya kule ikashuka.

"Anzia chini, mwanangu, upande juu. Ukianzia chini hupotei," mama yake alimwambia kila asubuhi mlangoni, akimfungua na kumfunga upya.

"Nikijua kufunga, mama, wewe utabaki na kazi gani?"

Fundi lawama zote alimtupia wifi yake. "Hii ni damu ya kwenu. Marehemu kaka yako hata siku ya ndoa alikuja kola imekwenda upande."

"Na ukamkubali hivyo hivyo," wifi alimjibu.

Miaka miwili baada ya mahafali, ukuta wa mtaro uliporomoka kazini. Kijana alikuwa juu, salama, akashuka kumtoa mwenzake. Mwenzake alitoka. Yeye hakutoka. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Mwaka ulipopita, chuo kiliamua kumjengea kumbukumbu uani: bomba la maji ya kunywa kwa wanafunzi, na juu ya bomba, jiwe lenye picha yake ya kuchongwa. Karani wa chuo alikuja kuomba picha. Fundi akampa ile ya mahafali, iliyopigwa kabla yeye hajamfikia mwanawe kumweka sawa: joho wazi, shati limekwenda mrama kama kawaida.

"Usiwe na wasiwasi, mama," karani alisema. "Mchongaji atamtengeneza vizuri."

Neno hilo lilimkaa fundi kooni. "Amtengeneze vizuri, kwani mimi nilimzaa nusu?" alimwuliza wifi yake. Hofu yake ilikuwa moja tu. Siku ya uzinduzi jiwe litafunuliwa, na yeye atakuta uso wa mtoto wa watu, umenyooshwa kama picha ya tangazo, na itambidi aseme asante mbele ya umati.

Chuo kilimwomba pia ashone kitambaa cha kufunikia jiwe. Karani alimletea vipimo: urefu futi tatu, upana futi mbili, unene inchi nane. Hapo ndipo karani alipokosea, maana fundi wetu akipewa vipimo hushona nguo. Alikata mabega, akatia bitana, akapiga pindo, akaweka vifungo kumi mbele.

Wifi aliliinua lile vazi, akalizungusha. "Haya, na mifuko je? Jiwe litaweka wapi leso?"

"Niache. Upepo wa kule uani hauna adabu."

Lakini wifi alijua. Kila kifungo kilikuwa cha kuchelewesha kuuona ule uso.

Siku ilipofika, fundi hakutaka kusogelea jiwe kabla ya wakati. Alimkabidhi mlinzi wa lango la chuo koti lile alfajiri. "Mvishe wewe, baba. Mimi sitazami." Mlinzi alimjua kijana vizuri, miaka yote alikuwa akimfungulia lango akichelewa, na kumtania shati lake.

Saa nne umati ulikaa. Mkuu wa chuo alihutubia, akashika kamba iliyofungwa kwenye koti, akavuta. Koti halikutikisika. Akavuta tena, kwa nguvu za mtu anayetazamwa. Wanafunzi wakaanza kubana vicheko. Mkuu akainama kwa fundi, jasho linamtoka.

"Samahani, mama yangu. Hii inafunguliwaje?"

"Kama shati, mwalimu."

Fundi akainua macho kwa mara ya kwanza. Mlinzi naye alikuwa amefunga kombo: kifungo kimoja kimebaki juu bila tundu, bega moja limepanda. Kabla hajajua anachofanya, miguu ilishampeleka na vidole vilishashika kifungo cha chini. Anzia chini, upande juu. Yakatokea maandishi, jina na miaka. Akapanda. Ukatokea upindo wa joho. Akapanda tena, akaliona shati.

Lilikuwa limefungwa kombo. Kola ya huku juu, ya kule chini, imechongwa jiweni kwa uangalifu kabisa.

Fundi akacheka. Alicheka mpaka akashika jiwe ili asianguke, machozi yanamtiririka, kisha akafungua vifungo vilivyobaki bila woga. Na uso ulikuwa wake, na lile tabasamu lake la mtu aliyechelewa anayejua atasamehewa.

"Mchongaji alitaka kumnyoosha," mlinzi alimnong'oneza. "Nikamwambia, ukigusa hilo shati, mama yake hatamjua."

"Baba wee," fundi alisema, "na lile koti je, nalo ulifanya makusudi?"

Mlinzi akatazama viatu vyake. "Hapana, mama. Lile ni mimi tu."

Mkuu wa chuo akafungua bomba. Fundi akakinga viganja, akanywa wa kwanza, akamnywesha wifi yake, kisha wanafunzi wakapanga foleni.

Walirudi nyumbani jioni, miguu imewaka moto. Wifi alilala palepale kwa fundi, kitanda kimoja. Alivaa gauni lake la kulalia huku akipiga miayo, akatupa ubavu upande wa ukutani, na kabla giza halijakolea alikuwa anakoroma. Fundi alikunja koti la jiwe, akaliweka chini ya mto wake. Kisha akaona gauni la wifi yake: limefungwa kombo, kola imekwenda sikioni.

Akanyoosha mkono amrekebishe. Akaliacha lilivyo, akageukia upande wake, naye akalala.