Mwiko wa Mheshimiwa

"Akija leo umwambie," alisema Zeyana, akimenya lozi bila ya kuinua uso. "Neno moja tu, Baba Ulfat, akushughulikie karatasi zako. Mbunge kufungua kinywa si kazi."

"Kazi yake ni kukifunga," alijibu Ayoub, na mwiko ukaendelea kuzunguka.

Halwa ilikuwa imeanza kuvuta. Wanga, sukari na samli vimeshikana, iliki inapanda, na mwiko unatoa ule mlio mzito kama wa mtu anayetembea kwenye tope la mikoko. Hapa ndipo pagumu. Mkono ukisita tu, halwa inashika chini, na ikishika chini karai zima halifai. Ndiyo maana wapishi wa Jang'ombe wana ada yao: aliyeshika mwiko haachi mpaka apokewe. Kurwa, mwenzake wa kupokezana, alikuwa amekwenda Darajani kufuata vikapu vya kuitia. Ayoub alikuwa peke yake, jasho likimchirizika.

Halwa yenyewe ilikuwa ya harusi ya binti wa Mheshimiwa Kheir. Huyo huyo aliyekuwa redioni asubuhi akiusifu mswada wa kukaza sheria za uhamiaji na viza: asiye na kibali arudishwe kwao, na anayemweka nyumbani ashitakiwe. Kwao! Ayoub aliletwa kutoka Ngazija, Komoro, mgongoni mwa mama yake, na mama huyo amezikwa Mwanakwerekwe. Huko kwao hamjui hata paka. Wazungu wanaouza bia Nungwi kwa viza ya matembezi, Mheshimiwa hakuwataja. Labda pumzi ilimwishia.

Gari likasimama nje. Mheshimiwa akaingia, kanzu nyeupe pe, tumbo likimtangulia kama mjumbe, na mpiga picha nyuma yake.

"Asalaam aleikum! Shikamoo, mzee wangu."

"Waaleikum salaam. Marahaba."

Zeyana alimtolea mumewe macho. Sasa.

"Mzee, hebu nipishe nikoroge kidogo, nipigwe picha," alisema Mheshimiwa, akikunja mikono ya kanzu. "Watu waone tunavyolinda mila zetu. Tukilegea, hawa wageni watatunyang'anya hata halwa."

Ayoub alimtazama. Tangu alfajiri alikuwa ameyapanga maneno yake ya unyenyekevu kama vikombe kwenye sinia. Akayaacha yapoe.

"Kamata kwa mikono miwili," alisema, akimpa mwiko. "Zungusha. Usisite."

Picha zikapigwa. Mheshimiwa alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaanza kuhema. Kofia ikamshukia kwenye nyusi.

"Haya, mzee. Pokea."

Ayoub alikuwa ananawa mikono.

"Mzee!"

"Hapana wa kukupokea, Mheshimiwa. Mpishi wako Mngazija, hana kibali wala cheti. Mswada wako ushanifikia."

"Acha mzaha, mzee wangu!"

"Mzaha nlousikia leo ulikuwa redioni."

"Itaungua!"

"Ukiacha, itaungua. Na wageni wako wanakuja magharibi."

Mheshimiwa akamgeukia mpiga picha. "Wewe! Njoo ushike!"

"Mie mtu wa Tanga, Mheshimiwa," alisema kijana yule, akirudi nyuma taratibu. "Isije ikawa nanyang'anya."

Ayoub alijifuta mikono, akatoka. Zeyana alibaki amesimama na bakuli lake la lozi. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake, na aliyemweka Ayoub ndani yake ni yeye. Alimtazama Mheshimiwa, jasho likimdondoka kidevuni karibu na karai. Kisha akaliweka bakuli pale chini, mbali kidogo na mkono wa Mheshimiwa.

"Lozi hutiwa mwisho," alisema, akamfuata mumewe.

Alimkuta barazani amenyoosha miguu.

"Umetuua, Baba Ulfat."

"Najua."

Akakaa ubavuni mwake. Ndani, simu ililia katika mfuko wa kanzu, ikalia mpaka ikakatika, ikaanza tena. Mwiko ulikuwa unazunguka, pole pole, halafu kwa pupa, halafu pole pole.

Zeyana aliinua pua, akanusa. Bado ilikuwa iliki.